Raha ya kuwasha injini kubwa za dizeli za zamani: tunaozipenda tukutane hapa

#1 Gavana650

Wakuu, habari za wikiendi.

Jumamosi iliyopita tumewasha injini ya dizeli aina ya Lister CS iliyokuwa imelala miaka kumi na moja chini ya mwembe, huku kwetu upande wa Muheza. Ilikuwa ya mashine ya kusaga. Umeme ulipofika kijijini mwenye kinu akanunua mota, injini ikasukumwa nje, kuku wakataga juu yake. Nimeshughulika nayo miezi minne. Iliposhika, watoto waliokuwa wanacheza mpira waliuacha mpira peke yake uwanjani. Lakini aliyenigusa zaidi ni bibi mmoja wa nyumba ya tatu. Macho hayaoni tena vizuri. Alitoka na fimbo yake, akasimama mlangoni, akasema, "Mashine imerudi." Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Tangu siku ile najiuliza, na ndiyo sababu ya uzi huu: kwa nini injini hizi zinatushika namna hii? Niliwahi kuulizwa na kijana wangu, "Baba, si ununue mota tu?" Nilikosa jibu la haraka. Sasa najaribu kulitoa polepole.

La kwanza ni sauti. Lister CS ya nguvu farasi 6 inazunguka mara 650 kwa dakika. Ina silinda moja na ni ya mipigo minne, kwa hiyo inawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Piga hesabu: milipuko 325 kwa dakika, mitano na kidogo kwa sekunde. Sikio la binadamu linaweza kuifuata, mmoja mmoja. Tuku, tuku, tuku. Gari dogo la silinda nne likiwa kwenye mizunguko 3,000 linawaka mara 100 kwa sekunde, na hapo unasikia mvumo tu, huwezi kusema mlipuko upi ni mzima na upi ni mgonjwa. Kwenye Lister, silinda ikikosa moto mara moja tu, mtu aliye shambani anainua kichwa.

La pili, kila kitu kiko nje. Vijiti vinavyosukuma valvu unaviona vikipanda na kushuka. Mkono wa gavana, kifaa kinacholinda mwendo wa injini usibadilike, unauona. Wakati nikiwa mtoto nilikuwa nakaa juu ya gunia la pumba nikiuangalia mkono ule. Mama akimimina debe la mahindi kwenye kinu, mkanda unakaza, sauti inazama kidogo, mkono unasogea, pampu inaongeza mafuta, sauti inarudi pale pale. Debe likiisha, mkono unarudi. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Kwangu mimi lile ndilo lilikuwa somo la kwanza la fizikia, kabla sijajua kwamba kuna somo linaitwa hivyo.

La tatu ni uzito wenyewe. Magurudumu mawili ya chuma cha kumimina, moja kila upande. Yale ndiyo yanayobeba injini kutoka mlipuko mmoja hadi mwingine. Ukizima mafuta yanaendelea kuzunguka muda mrefu, hayana haraka, mpaka yanapumua mara ya mwisho, yanarudi nyuma nusu mzunguko na kutulia. Nasimama kila mara kuangalia mpaka mwisho.

Kwa wasioijua: zilitengenezwa Dursley, mji mdogo wa Gloucestershire huko Uingereza, kuanzia 1929, zikaendelea hadi 1987. Za ukubwa huu wa kwangu mwanzoni zilikuwa nguvu farasi 5 kwa mizunguko 600. Herufi CS maana yake ni injini inayowaka ikiwa baridi, na wakati ule hiyo ilikuwa habari kubwa. Injini nyingi za shamba za kabla yake zilikuwa za kichwa cha moto: unakipuliza kichwa cha silinda kwa taa ya moto mpaka kiive, ndipo uanze kuhangaika kuizungusha. Hii unaamka alfajiri, unapiga hendeli, inawaka.

Najua kuna walioko humu waliofanya kazi kwenye injini kubwa kuliko hii mara elfu. Nawakaribisha. Silinda moja ndiyo shule yangu, nataka kusikia ya wenye silinda nane.

#2 DadaSpana

Shikamoo mzee Gavana. Umenitoa machozi na huyo bibi.

Mimi ni fundi wa magari, Morogoro. Kila siku nachomeka kompyuta kwenye gari, inaniambia sensa namba fulani, nabadilisha, naondoka. Sijawahi kupiga injini kwa mkono hata mara moja. Tueleze kwa vitendo, unaanzia wapi?

#3 Gavana650

Marahaba mwanangu. Nitakueleza kama nilivyofundishwa, kwa sababu raha iko humo humo kwenye kuwasha.

Kwanza oili. Injini hii inajipaka oili kwa kurusha: fimbo ya pistoni ina kijiko chini yake kinachochota oili kila mzunguko. Oili ikipungua kijiko kinachota hewa, na hutapata taa nyekundu ya kukuonya. Juu, kwenye mikono ya valvu, unatia matone kwa mkono wako. Halafu maji. Pipa linakaa pembeni, mabomba mawili, la juu na la chini, hakuna pampu. Maji ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, basi.

Fungua mafuta. Toa hewa kwenye bomba la nozeli, ule mdomo unaonyunyizia dizeli ndani ya silinda. Sasa piga pampu kwa mkono, taratibu, na usikilize. Nozeli nzima inalia, kama mlango mkavu unaofunguliwa: kriii. Ukiusikia mlio huo, robo tatu ya kazi imekwisha. Usipousikia usijichoshe na hendeli, rudi kwenye nozeli.

Pembeni mwa hedi (kichwa cha silinda) kuna kigurudumu kidogo cha kukaza. Ukikikaza kinafunga chumba cha ziada, hewa inabanwa zaidi, joto linapanda, na injini baridi inakubali. Injini ikipata moto na mzigo mkubwa, unakilegeza.

Nyanyua valvu ya moshi ili isibane hewa. Shika hendeli. Sikiliza hapa vizuri: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikifunge kuzunguka hendeli. Injini ikirudi nyuma hendeli itatoka mkononi yenyewe. Ukikifunga, itaondoka na gumba. Nimeona mkono wa mtu uliovunjika kwa kosa hilo.

Zungusha. Mwanzoni ni nzito, magurudumu hayataki. Ukifika mzunguko wa tano, wa sita, yanaanza kukubeba wewe. Hapo angusha valvu. Inabana mara moja, puu, inashika. Chomoa hendeli, simama wima, pumua.

Kuzima ni kwa kukata mafuta. Wengine wananyanyua valvu injini ikiwa inawaka, ni tabia mbaya inayoua valvu na kiti chake.

Mwanangu, unaona ulivyohusika? Sikio, mkono, mgongo, jicho. Ikiwaka, wewe umeiwasha.

#4 HewaSafi

Naheshimu hisia zenu, lakini naomba niseme upande wa pili. Mama yangu alisaga unga kwenye banda la injini kama hiyo miaka ishirini. Moshi ndani, kelele mchana kutwa. Leo anakohoa na sikio moja halisikii vizuri. Umeme ulipofika sisi tulishangilia. Tusiwafanye vijana waone kama mota ni kitu cha kudharauliwa.

#5 BahariaMstaafu

HewaSafi umesema kweli, na pole kwa mama. Mimi mwenyewe masikio nimeyaacha kwenye chumba cha injini.

Gavana, umeomba silinda nane. Nilianza baharini kama mpaka mafuta, kazi ya chini kabisa ya chumba cha injini, kwenye meli ya mizigo yenye dizeli ya mwendo wa pole, mipigo miwili (inawaka kila mzunguko), urefu wa ghorofa tatu. Kuwasha ile si jambo la mtu mmoja. Maandalizi yanaanza saa kadhaa kabla. Tunapasha maji ya kupoza ili silinda zisishtuke. Tunaanzisha pampu za oili. Tunafungua koki ndogo juu ya kila silinda, kisha mota ndogo ya gia inazungusha injini nzima polepole sana, huku tunaangalia kwenye koki. Yakitoka maji, simamisha kila kitu. Maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta, kinachovunjika ni chuma.

Halafu unaondoa ile gia. Usipoiondoa, utalipa. Unafunga koki. Mitungi ya hewa iko kwenye shinikizo la bari 25 hadi 30. Amri inakuja kutoka juu, unasogeza mkono, na hewa inaingia kwenye silinda kwa zamu. Kishindo cha kwanza ni cha hewa tu, kizito, kama mtu mkubwa anayekohoa chini ya sakafu. Cha pili. Kisha unampa mafuta, na sauti inabadilika. Hapo miguu yako ndiyo inayojua kwanza, kabla ya masikio.

Injini yenye silinda nyingi inaamka kutoka mahali popote iliposimama, maana daima kuna silinda moja iliyo tayari kupokea hewa. Injini kubwa ya silinda moja haina bahati hiyo. Ile lazima uchukue nondo, uingize kwenye matundu ya gurudumu, uisogeze mpaka pistoni ipite kidogo tu kilele chake. Ukikosea upande, itaanza kuzunguka kinyume.

Nilistaafu. Ninachokikosa ni ule mtetemo miguuni usiku wa manane ukiwa zamu, geji zote ziko sawa, na unajua wenzako wamelala juu kwa sababu injini imekubali.

#6 MswahiliWaCopenhagen

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimezaliwa Tanga, sasa naishi Denmark, na nimesoma uzi huu wote nikiwa kwenye treni hadi nikapitiliza kituo.

Mjue kwamba huku kuna injini ambayo kila mmoja wenu angeilalia mlango. Iko Copenhagen, kwenye kituo cha umeme cha H.C. Ørsted, ndani ya jumba la makumbusho linaloitwa DieselHouse. Ilijengwa na Burmeister & Wain mwaka 1932. Silinda 8, kila moja ina kipenyo cha milimita 840, na pistoni inasafiri milimita 1,500, yaani mita moja na nusu kwenda na mita moja na nusu kurudi. Nguvu farasi 22,500. Kwa miaka 30 hivi ndiyo ilikuwa dizeli kubwa kuliko zote duniani, na kazi yake ilikuwa kuupa mji umeme.

Mzee Gavana, wewe na hesabu zako: hii inazunguka mara 115 tu kwa dakika. Ila ni ya mipigo miwili, na moto unawaka juu ya pistoni na chini ya pistoni pia. Kila silinda inafanya kazi ya silinda mbili. Kwa hiyo ni milipuko 16 kwa kila mzunguko, 1,840 kwa dakika.

Huwa wanaiwasha mbele ya watu, Jumapili ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Nilikwenda mara ya kwanza kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na kiingilio hakikuwa kikubwa. Wazee wenye ovaroli safi wanapanda na kushuka ngazi zake, mmoja anapitisha kiganja kwenye chuma kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Kisha hewa inaingia. Jengo lote linapokea. Mtoto mdogo mbele yangu aliziba masikio lakini macho hakuyafumba hata sekunde moja.

Nikalia, nasema kweli. Nilimkumbuka marehemu babu yangu, aliyekuwa mwendesha injini kwenye shamba la mkonge, injini iliyokuwa inazungusha korona, mashine ya kukamulia mkonge. Aliijua kwa harufu. Hakuna aliyewahi kumpa heshima kwa ujuzi ule, aliitwa kibarua mpaka alipostaafu. Nilipowaona wazee wa Denmark wakipigiwa makofi nikasema, babu angekuwa hapa, naye angepigiwa.

#7 KigomaMwisho

Sisi huku tuna Liemba, meli ya 1913. Hiyo si ndiyo dizeli ya zamani kuliko zote tulizo nazo?

#8 BahariaMstaafu

Meli ni ya zamani, injini siyo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande, ikaingia Ziwa Tanganyika 1915. Ilikuwa ya mvuke. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiinua 1924, ikaitwa Liemba 1927. Dizeli iliwekwa miaka ya 1970, na baadaye nazo zikabadilishwa. Ukitaka kujua dizeli yenyewe ina umri gani, injini ya Rudolf Diesel iliyofaulu ilipimwa Augsburg mwaka 1897. Ilikuwa silinda moja, nguvu farasi 20 hivi, na iligeuza kuwa kazi zaidi ya robo ya joto la mafuta yake, wakati injini za mvuke za siku zile zilikuwa chini sana ya hapo.

#9 RelwayaNakuru

Niaje watu wa Bongo. Kenya hapa, mzee wangu alikuwa dereva wa treni.

Mnaongea habari ya injini zilizosimama chini, mimi niwaongeze ya kutembea. Mwaka 1960 shirika la reli la Afrika Mashariki lilianza kupokea dizeli kubwa kutoka English Electric, zile za daraja la 90 ambazo Kenya baadaye iliziita daraja la 87. Silinda 12, nguvu farasi 1,840. Ndani yake kulikuwa na injini ya aina moja na ile ya treni za Class 37 za Uingereza, ambazo zilianza mwaka huo huo.

Sasa sikieni. Huko Uingereza Class 37 nyingi zimehifadhiwa, zinatembea kwenye reli za wapenzi wa treni, na kuna watu wanasafiri nusu ya nchi, wanakaa behewa la kwanza dirisha wazi, wasikie tu injini ikipanda mlima. Nilifungua video moja usiku, nikaongeza sauti. Mama alikuwa jikoni. Akaja akasimama nyuma yangu, akaniuliza, "Hiyo ni ya Mau Summit?" (kule milimani, magharibi ya Nakuru). Kwake hiyo sauti ilikuwa ni mzee anarudi nyumbani.

Zetu nyingi zilikatwa. Ndio maana naandika hapa kwa uchungu. Injini ni ile ile, kule watu wanalipa waisikie, huku tuliuza kwa kilo.

#10 Gavana650

Nimesoma yote mara mbili. Nimeshindwa kulala.

Nianze na wewe HewaSafi. Umenirekebisha na nakubali. Lile banda la mama yako halikuwa na bomba la kutoa moshi nje, si ndivyo? Hata la kwetu halikuwa nalo. Injini yangu sasa nimeifunga bomba refu linalopita juu ya paa, na mtu yeyote anayekaa karibu anavaa vizibo vya masikio, wageni pia. Na mota ya umeme iendelee kusaga, sipingi. Injini ya zamani haihitaji tena kulisha kijiji. Nataka iwashwe Jumamosi moja kwa mwezi, saa moja tu, ili mtoto aone moto unavyogeuka kuwa mzunguko.

Na Relwaya, hilo la kuuza kwa kilo ndilo linalonitesa. Mwaka juzi nilipata habari kwamba kuna injini ya silinda tatu kwenye kiwanda kilichokufa, si mbali na kwetu. Nikakusanya nauli, nikaenda na rafiki mwenye lori. Tulifika asubuhi, tukakuta watu wa chuma chakavu wamekwishafika usiku na mtungi wa gesi. Gurudumu lilikuwa vipande vinne. Niliokota kibao cha shaba chenye namba, nikaomba nipewe, wakanipa bure kwa kuwa hawakujua ni nini. Kiko ukutani kwangu.

Wale vijana siwalaumu, walikuwa wanatafuta ugali. Hakuna aliyewaambia kwamba pale palikuwa na kitu kinachoweza kuwaka tena. Pale Poynton, karibu na Manchester, wameihifadhi dizeli ya kwanza kujengwa Uingereza, ya 1897, na wanaithamini kama sisi tunavyothamini mlango wa kuchonga wa Zanzibar. Sisi hatuhitaji kuanza na jumba la makumbusho. Tuanze na orodha. Mwenye kujua injini imelala wapi, aandike wilaya na picha ya kibao chake. Jina la mwenyewe asiliweke hapa, anitumie pembeni.

#11 DadaSpana

Mzee, ninayo ya kwanza kwenye orodha. Baada ya kusoma posti yako ya tatu nimemuuliza baba mdogo, kumbe nyuma ya ghala lake Kilosa kuna Lister, magurudumu mawili, hendeli ipo. Haizunguki kabisa. Ameniruhusu. Nianze na nini? Kuna mtu kanishauri niivute kwa trekta.

#12 BahariaMstaafu

Usivute na trekta! Utapinda fimbo ya pistoni.

#13 Gavana650

Msikilize baharia. Ringi zimeshikana na silinda kwa kutu, hiyo inahitaji muda, nguvu haitasaidia.

Toa nozeli. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili kupitia tundu lake, nusu kikombe. Ziba kwa kitambaa safi, acha siku tatu, ongeza, acha tena. Wakati unangoja, fungua mlango wa pembeni wa kreki (kasha la chini la injini), toa oili yote ya zamani, futa chini kwa mkono. Kama ni moja ya zile nakala zilizokuja baadaye, tafuta mchanga wa kiwandani uliobaki kwenye pembe za chuma, nimewahi kuukuta, unakula beringi. Angalia vijiti vya valvu kama vinapanda na kushuka, vikigoma usilazimishe. Baada ya wiki shika gurudumu kwa mikono miwili, litikise mbele na nyuma, kidogo kidogo. Usitafute mzunguko mzima. Likisogea upana wa kidole, umeshinda, acha hapo, ongeza mafuta, rudi kesho.

Nozeli uliyoitoa nitumie kwa basi. Nina kipimo chake hapa, nitaisafisha mpaka ilie. Na piga picha ya kibao.

#14 DadaSpana

Imesogea. Siku ya tano, upana wa vidole viwili. Baba mdogo amekaa kwenye kiti anaangalia tangu asubuhi, hajaenda shambani. Nozeli ipo kwenye basi la leo.